Mistari ya Ukutani

Ukuta wa sebule yangu, Mabatini,
una mistari ya aina mbili.
Ya mkaa ni ya maji.
Ya chaki ni ya watoto.

Chini kabisa, usawa wa kifundo cha mguu,
maji ya ubatizo wa Minza.
Yaliingia taratibu kama mgeni aliyevua viatu,
yakalowesha mkeka, yakatoka.
Tulicheka. Mchungaji alisema ni baraka.

Gotini, maji ya mwaka wa uchaguzi.
Hayo hayakubisha hodi.
Dagaa wa Nyamizi, ndoo mbili, wameshakaangwa,
wana chumvi na pilipili,
walirudi ziwani walikotoka.
Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Waje kwetu. Tuliyazoa kwa beseni siku tatu,
siku ya nne tukazoa tope,
ya tano kandambili moja ya kushoto
ambayo mpaka leo haijapata mwenyewe.

Kiangazi, Mirongo si mto wa kumtisha mtu.
Ni uzi mweusi kati ya chupa na matambara.
Mbuzi wanauvuka bila kulowa magoti,
vijana wanapanda mchicha ukingoni,
na mgeni akiuliza mto uko wapi
tunaona haya kumwonyesha.

Lakini mvua hailazimiki kunyesha kwetu.
Inanyesha huko juu, nyuma ya mawe,
kwa watu tusiowajua,
na hapa jua kali, nguo ziko kambani,
Kwilasa yuko kibarazani anatengeneza redio,
mara unasikia lori linamwaga kokoto.
Unatazama barabarani.
Hakuna lori.

Hapo mikono inajua kazi yake.
Ndoo yenye mfuniko, msumari wa juu:
vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki,
karatasi ya serikali ya mtaa inayosema hapa ni kwangu,
picha ya mama akiwa na miwani ya kuazima.
Godoro juu ya meza, meza juu ya matofali,
watoto juu ya godoro,
mimi mlangoni na ufagio,
kana kwamba mto ni kuku.

Mstari wa tatu uko usawa wa kifua changu.
Huo hatukuuchora sisi.
Tope liliuchora lenyewe, usiku,
na asubuhi Kwilasa akaupitishia mkaa
bila kusema neno.
Upande wa Minza, chaki inaishia pale.

Malimi hupima kila Januari,
daftari kichwani, visigino ukutani.
"Mama, nimeyapita ya uchaguzi!"
Tukampigia makofi.
Wenzangu huwapa watoto mayai wapate akili.
Mimi wangu nampa arefuke.
Mwaka huu kabakiza vidole vinne.

Juma lililopita alikuja binti wa Jiji,
kitambulisho shingoni, kopo la rangi mkononi.
Akasalimia vizuri, akanywa maji yetu.
"Mama, mbona hamhami?"
Nikamuuliza kama anajua kodi ya chumba Buhongwa.
Akatazama chini,
akatoka, akachora X nyekundu
nje ya ukuta uleule,
juu, alipofikia mkono wake.
Rangi ikachuruzika mpaka kwenye msingi.

Jioni Malimi alitoka na daftari lake.
Alikaa huko kitambo.
Akarudi ana rangi kwenye nywele.
"Mama," akasema, "hata baba hafiki pale.
Haya mekundu yalikuja lini?"

Kwilasa, ambaye redio yake
haijawahi kutoa sauti tangu ilipolowa,
alinyoosha mkono
akaizima.